Naongoza maombi lakini mwenyewe nimekauka, je nikinywa vidonge vya hospitali nimemkana Mungu?

Shikamoo dada,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Moshi maeneo ya Pasua, ni mwalimu wa shule ya msingi na kanisani kwetu mimi ndo naongoza kikundi cha maombi cha akina mama. Naomba sana usiweke jina langu maana wengi wananijua na wanasoma safu yako.

Dada mama yangu alifariki mwaka jana tukamzika kwao Machame, na tangu hapo sijakaa sawa. Mwanzoni nilijua ni msiba tu, kila mtu akifiwa analia, lakini ndugu zangu walilia wakamaliza wakarudi kwenye shughuli zao mimi ndo kwanza kama naanza. Na kulia kwenyewe siku hizi silii. Naamka saa tisa usiku macho makavu mpaka kunakucha, chakula hakipandi, nikisimama ubaoni nasahau nilikua naandika nini watoto wamekaa wananiangalia. Mwanangu mdogo akija kunikumbatia naskia kama anamkumbatia mtu mwingine. Hilo ndo linaniumiza kuliko yote.

Kuna kipindi moyo ulikua unaenda mbio sana nikajua ni presha, nikaenda hospitali wakapima presha, malaria, taifodi, sukari, vyote wakasema viko sawa. Daktari akaanza kuniuliza maswali mengi mara usingizi, mara hamu ya kula, mara kama kuna kitu bado nakifurahia, afu akaniambia nina sonona, yaani depression, akaniandikia vidonge na akasema nirudi. Nilikunywa kama wiki hivi nikawa naskia kichefuchefu na mabadiliko sioni nikaacha. Ila ukweli niliacha zaidi kwa aibu. Nilikua nimevificha kwenye begi la Biblia, siku moja wifi yangu akaviona, akaniuliza hivi wewe si ndo unatuombea?

Huyo wifi anasali kwenye huduma nyingine, anasema mama yangu aliacha madhabahu ya ukoo haijavunjwa na ameniachia roho ya mauti, na kuna mtumishi anavunja ila inatakiwa sadaka ya ukombozi laki tatu. Na kwetu nako kuna mama mmoja kwenye kikundi alishasema mbele za watu, wala hakua ananisema mimi, kwamba mtu wa rohoni haugui akili, ukiona unaugua akili ujue umefungua mlango. Mchungaji wetu sijamwambia kitu. Sasa ametangaza mfungo wa siku 21 na mkesha kila Ijumaa na anayeongoza ni mimi.

Dada nimefunga, nimekesha, nimetubu mpaka dhambi za nikiwa darasa la nne. Nikiwaombea watu wanalia wanashuhudia wamepokea, mimi nimesimama pale mkavu kama jiwe. Naona Mungu ameniacha. Saa nyingine natamani nilale tu nisiamke, sio kwamba nimepanga kitu hapana, ila nawaza watoto wangelelewa na mdogo wangu wangekua na mama anayecheka. Mume wangu ni dereva wa malori njia ya Tunduma, akinipigia namwambia nimechoka tu.

Naomba unijibu kama mtu unayeamini. Nikirudia vile vidonge nitakua nimemkana Mungu ninayemhubiri? Na nikiacha kuongoza si ndo watajua? Nisaidie, maana mitandaoni wapo wanaosema dini ndo inaleta uchizi, hao siwataki, na wa wifi siwataki.

Mama wa Pasua

---

Marahaba mdogo wangu, na pole sana ya mama.

Umeomba nikujibu kama mtu anayeamini. Naamini. Nasali Kilutheri hapa Arusha, na Jumapili hii nitakua kanisani kama wewe, kwa hiyo sina sababu yoyote ya kukutoa kwa Mungu wako.

Ila kabla ya vidonge na kabla ya wifi, naanza na ile sentensi uliyoipitisha katikati ya barua kama haina uzito, ya kutamani ulale usiamke. Hiyo ndo nzito kuliko zote. Duniani kila mwaka zaidi ya watu laki 7 wanajiua kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, na kuna wengi wao walianzia hapo hapo ulipo, sina mpango ila natamani. Kwa hiyo leo hii, sio baada ya mfungo, mwambie mtu mmoja. Mumeo ndo wa kwanza, hata kama yuko Tunduma. Na hivyo vidonge vilivyobaki kwenye begi la Biblia mpe mdogo wako akutunzie, awe anakupa vya siku, maana kuna dawa za sonona ambazo ukizinywa nyingi kwa mkupuo zinaua na mtu mwenye mawazo kama yako hatakiwi kuwa na pakiti nzima mkononi. Ikitokea hata siku moja yale mawazo yakaanza kukuonyesha njia, ya kufanyaje na lini, hapo usingoje kliniki wala asubuhi, umwamshe mtu akupeleke hospitali ya Mawenzi au KCMC usiku huo huo.

Na ile ya kwamba watoto wangepata mama anayecheka, mdogo wangu hilo wazo usiliamini hata kidogo. Mtu mwenye sonona kali akiwa mkristo analisema, akiwa muislamu analisema, asiyesali kabisa analisema, na karibu kwa maneno yale yale, kwamba wanangu watapumzika nikiondoka. Lingekua ni ujumbe kutoka rohoni lisingemjia kila mgonjwa vile vile. Ni dalili, kama ulivyo usingizi wako wa kuishia saa tisa.

Sasa hili la kukauka. Ndo nimekaa nalo muda mrefu kwenye barua yako kwa sababu naona ndo linalokutesa kuliko hata kukosa usingizi. Unasema ukiomba huskii kitu kwa hiyo Mungu ameondoka. Lakini hebu soma tena ulichoandika mwenyewe, mwanao anakukumbatia na huskii kitu. Mtoto ameondoka? Yuko pale kifuani kwako. Chakula hakipandi, kulia hulii, hamu ya kitu huna. Sonona inazima hamu na hisia zote kwa pamoja, na kwa mtu asiye wa dini inaishia kwenye chakula na kazi na ndoa, kwa mtu kama wewe ambaye maombi ndo yalikua sehemu tamu ya maisha inazima na hiyo. Ukiwa na mafua makali pilau haina ladha, na hakuna anayekwenda kumgombeza mpishi. Wewe umechukua dalili ya ugonjwa ukaifanya hukumu, ukaanza kutafuta kosa, ukatubu mpaka ya darasa la nne. Ile hatia yenyewe ni sehemu ya ugonjwa, kujiona huna thamani na kujilaumu kupita kiasi ni moja ya vitu madaktari wanavyouliza wakipima sonona. Daktari akikuta zile dalili zipo karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi anaanza kuiita kwa jina lake, wewe una tangu mwaka jana.

Na kama unataka ushahidi wa kwenye Biblia kwamba mtu wa Mungu anaweza kukauka akabaki mtu wa Mungu, fungua Zaburi ya 88 usome mpaka mstari wa mwisho. Zaburi nyingi za kilio zinamalizikia kwenye tumaini, hiyo inamalizikia gizani, na waliokusanya maandiko hawakuitoa wala hawakuiongezea amina ya kuipendezesha. Imo humo.

Nirudi kwa wale wa mitandaoni. Kusema dini inaleta uchizi ni kutojua. Mwaka 2016 watafiti wa Harvard walitoa matokeo ya kufuatilia manesi wanawake karibu 90,000 wa Marekani kwa miaka mingi, wakakuta wale wanaoenda ibadani angalau mara moja kwa wiki vifo vya kujiua kwao vilikua pungufu kama mara tano kuliko wasioenda kabisa. Sisi tunaotoka kwenye jumuiya tunaelewa kwa nini, mtu anayefuatwa nyumbani akikosekana Jumapili mbili hawezi kupotea kimya kimya. Ila kuna upande wa pili na huo lazima niuseme. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani anaitwa Kenneth Pargament, yeye miaka mingi alichunguza watu wa dini wanavyokabili matatizo, akaona imani ile ile inaweza kumbeba mtu au kumkandamiza. Anayesema Mungu yuko na mimi kwenye hili anabebeka. Anayesema Mungu ananiadhibu, ameniacha, huyu ni shetani kaingia, huyo hali yake mara nyingi inakua mbaya zaidi. Wewe mdogo wangu uko upande huo wa pili, na hukujiweka mwenyewe, umewekwa. Umewekwa na lile neno la kufungua mlango na lile la madhabahu ya mama yako. Mama mmezika mwaka jana, hata kaburi halijazoeleka, afu unaambiwa yeye ndo kakuachia mauti. Yaani hata nafasi ya kumlilia vizuri umenyang'anywa, utamliliaje mtu uliyeambiwa ndo chanzo? Mimi hilo limenikasirisha kweli.

Yule mama wa kikundi simlaumu sana, amerudia alichofundishwa. Lakini sio kweli. Eliya alitoka kushusha moto Karmeli, muda mfupi baadaye kakimbia jangwani kalala chini ya mti anaomba afe. Ukisoma 1 Wafalme 19 uangalie alichofanyiwa. Hakukemewa na hakuna aliyemuuliza amefungua mlango gani. Aliachwa alale, akaamshwa ale, akalala tena, akaamshwa ale tena. Maongezi yalikuja baadaye sana. Na ndo maana kwenye mfungo nakuambia wazi, toka. Mtu asiyelala, asiyekula, anaongezewa siku 21 bila chakula na mikesha juu yake, huko ni kuchochea ugonjwa, usingizi ni dawa ya kwanza ya akili. Hata kwa waislamu mgonjwa ana ruhusa ya wazi kabisa ndani ya Kurani kutofunga Ramadhani, na hakuna anayemwambia imani yake ndogo.

Niseme na kwa ndugu wengine wanaosoma hapa, mkiona mtu baada ya mikesha mfululizo ghafla hasikii usingizi tena na wala hachoki, anaongea mbio mbio, anagawa hela, anasema ameteuliwa kuliko wote, msikimbilie kushangilia upako. Kuna ugonjwa wa akili unaitwa bipolar ambao kukosa usingizi tu kunaweza kuuwasha, na huyo anahitaji kupelekwa hospitali mapema kabla hajajiharibia.

Haya, vidonge. Kwa nini hukuona mabadiliko? Kwa sababu wiki moja haitoshi. Dawa za sonona zinaanza kuonyesha kitu baada ya wiki mbili hadi nne, na nguvu yake kamili huchukua zaidi ya hapo, wakati kichefuchefu na maudhi madogo madogo yanakuja mwanzoni na kwa wengi yanapungua ndani ya wiki ya kwanza au ya pili. Yaani wewe ulipata mateso yote ya mwanzo ukaacha kabla ya faida, na wengi sana wanaachia hapo hapo. Hukutaja jina la dawa, ila hospitali zetu mara nyingi wanatoa amitriptilini, hiyo inakausha mdomo na kuleta usingizi ndo maana inanywewa usiku, au fluoksetini ambayo kawaida ni ya asubuhi. Moja ikikusumbua daktari anabadilisha au anashusha dozi, mwambie tu. Sio dawa za kulevya, hazikufanyi uwe teja, lakini ukishazizoea usikate ghafla, unapunguziwa kidogo kidogo. Na ukijisikia vizuri ndo usiache kwa kushuhudia, unatakiwa uendelee miezi kadhaa ukiwa umetulia kabla ya kufikiria kuacha, na daktari ndo anakupangia. Mwombe pia akupime damu na tezi ya shingo kama hawakupima, upungufu wa damu na tezi kushuka vinaweza kumchosha mtu mpaka afanane na mwenye sonona. Afu uliza kuhusu maongezi, kukaa na mtaalamu wa saikolojia mara kwa mara, kwa msiba kama wako ni muhimu sawa na kidonge.

Kumkana Mungu? Luka aliyeandika Injili Paulo anamwita tabibu mpendwa. Na huku kwetu kaskazini hospitali nyingi zina mkono wa kanisa. KCMC hiyo unayoiona hapo Moshi ilifunguliwa 1971 chini ya Shirika la Msamaria Mwema. Na Lutindi je, kule milima ya Usambara wilaya ya Korogwe? Wamisionari wa Kilutheri waliianzisha 1896 kama makao ya watoto waliookolewa kwenye utumwa, haikupita miaka mingi ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili, na mpaka leo ni ya kanisa letu la Kilutheri, KKKT. Sasa kama kanisa lenyewe lina hospitali ya akili zaidi ya miaka 100, nani kakuambia kuugua akili ni kukosa imani? Hao walioijenga walikua wanaomba asubuhi na jioni na katikati wanatoa dawa.

Wala siwadharau wanaokimbilia mafuta na vikombe. Mwaka 2011 maelfu ya watu walipanga foleni Samunge kule Loliondo kwa kikombe cha dawa cha shilingi 500, na wapo waliotoka vitandani hospitalini kwenda kule. Februari 2020 hapo hapo kwenu Moshi, uwanja wa Majengo, watu 20 walikufa kwenye msukumano wa kukanyaga mafuta ya upako. Watu wakawacheka, wajinga hao. Mimi siwezi kucheka, mtu hakimbii vile kama hana kitu kinachomtafuna ndani, na wengi wao hawajawahi kuulizwa na mtu yeyote kama wanalala usiku. Wewe umebahatika daktari wako alikuuliza.

Mchungaji mwambie. Usimwambie baada ya ibada watu wakiwa wanapita, omba muda, nenda na mumeo akirudi au na mdogo wako. Mwambie daktari amesema nini, mwambie hulali, na muombe vitu viwili tu, akuondoe kwenye ratiba ya mkesha bila kutangaza sababu na akuombee wewe kama mgonjwa yeyote wa wodini. Wachungaji wengi ukiwaambia ukweli wanaelewa kuliko tunavyodhani, na wengine wenyewe wamepita humo wamenyamaza. Akikuambia uache dawa, msikilize kwa heshima na dawa usiache, kwenye hilo daktari ndo mwenye sauti. Kikundini sema unapumzika kwa ushauri wa daktari. Watu watauliza, bas waulize, sio lazima ujibu kila kitu. Na kwenye maombi yako mwenyewe punguza, Baba Yetu moja asubuhi inatosha kwa saivi, na siku ukishindwa hata hiyo waache wenzako waiseme kwa niaba yako. Umewaombea miaka, zamu yao.

Wifi mjibu kwa upole kwamba mama yako umeshamkabidhi kwa Mungu siku ya maziko na hilo limekwisha. Laki tatu usitoe. Weka pembeni kwa nauli, kumuona daktari na dawa, na mtu wa kukusaidia kufua na kupika angalau mwezi mmoja.

Na kwa mumeo, najua kuongea kwenye simu itakua ngumu na utajikuta umesema tena nimechoka tu, kwa hiyo nakili haya umtumie kwa meseji kabla hujafunga hii safu: "Baba, sijachoka tu, naumwa. Daktari alisema ni sonona, dawa nikaacha. Nimekua nikitamani nisiamke. Leo nimemwambia na mdogo wangu, vidonge anatunza yeye. Kesho asubuhi ananipeleka tena kliniki. Naomba unipigie usiku ukipaki."

Dada yako, Arusha